Paka anayezurura nje na kupe: namna ya kumkinga bila kumuua kwa dawa

Nianze na kosa langu mwenyewe ndo utaelewa kwa nini huko mbele naongea kwa ukali kidogo. Mi naishi pembezoni mwa Morogoro, huku masika ikikolea ukikaa wiki mbili bila kufyeka majani yanakufika kiunoni, na ng'ombe wa watu wanapita nyuma ya nyumba kila siku wakienda malishoni. Nina paka dume anaitwa Chapati, ana madoa ya kahawia kama chapati iliyoungua upande mmoja, akawa kila asubuhi anarudi na kupe shingoni, leo wawili, kesho watano. Nikaenda duka la dawa za mifugo, muuzaji akanipa kichupa kidogo cha kudondoshea chenye picha ya mbwa. Nikamuuliza mbona ni ya mbwa hii, akanijibu dawa ni dawa tu kaka, mtie nusu.

Nikamtia nusu. Kufika jioni masikio yakaanza kuchezacheza, ngozi ya mgongoni inarukaruka yenyewe, udenda unamtoka, na saa mbili usiku paka mwili mzima unatetemeka kama mtu mwenye malaria ya kichwa. Alipona, ila alipona kwa sababu jirani yangu mmoja aliyesomea mifugo alikuja mbio akasoma lebo kwa tochi ya simu akasema hii ni permethrini, mwoshe sasa hivi.

Basi hilo ndo jambo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote: PAKA SI MBWA MDOGO. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa anazivunja bila shida, permethrini ikiwa namba moja. Kwahiyo habari ya "mtie nusu" au "mtie robo" haipo, tone ambalo mbwa halisikii linaweza kumuua paka. Kabla hujamwaga kitu chochote kwenye mwili wa paka soma lebo, tafuta neno permethrin, na tafuta picha au maneno yanayosema ni ya paka. Kama hayapo rudisha chupa, hata kama muuzaji anakuapia.

Na ikitokea umeshamtia, au kamlamba mbwa aliyetoka kupakwa, usikae kungojea uone. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, maji ya moto hapana kwa sababu yanafungua mishipa ya ngozi dawa inaingia zaidi, mkaushe kwa taulo, mfunike vizuri asipate baridi, mpeleke kwa daktari wa mifugo na chupa yenyewe mkononi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Najua bibi zetu kila sumu dawa yake ni maziwa, lakini hii sumu inapenda mafuta, unaisaidia tu kuingia.

Haya, tumjue sasa kupe mwenyewe, maana watu wengi wanapigana na mtu wasiyemjua. Kupe haruki kama kiroboto na wala hadondoki kutoka juu ya mwembe. Anapanda kwenye ncha ya jani, anajishika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anaitanua hewani kama mtoto anayetaka kubebwa, anasubiri. Hiyo miguu ya mbele ndo pua yake, anasikia pumzi na joto la mnyama anayekuja, mnyama akigusa lile jani tu kashapandwa. Akianguliwa ni kadude kadogo kama chembe ya mchanga, kana miguu 6, kanapanda panya au mjusi au ndege kananyonya kanashuka. Kanajivua gamba, sasa kana miguu 8, kanapanda tena kananyonya kanashuka. Anakuwa mkubwa, anapanda mara ya tatu, na jike akishiba anavimba mpaka anafanana kabisa na mbegu ya nyonyo, na hata jina la kisayansi la mnyonyo, Ricinus, ni neno la Kilatini la kupe. Wazee wetu enzi za Azimio la Arusha 1967 walipowaita mabepari kupe hawakukosea mfano. Akishashiba anajiachia, anatafuta ufa, anataga mayai maelfu, anakufa.

Sasa shika hapo kwenye "anashuka". Maisha yake karibu yote kupe yuko chini, kwenye majani na nyufa, kwa mnyama anakuja kula tu. Ndo maana unaweza kumpaka paka dawa ya bei kali mwaka mzima na kupe bado wapo, kwa sababu ghala liko uani.

Huku kwetu paka anaokota zaidi wa aina mbili tatu: kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye anaweza kuishi ndani ya nyumba kabisa, kwenye mipasuko ya ukuta na nyuma ya kabati, na kukaa miezi mingi bila kula. Halafu kupe wa ng'ombe, akiwemo yule wa masikioni anayewaletea ng'ombe ugonjwa wa ndigana kali, huyu anabebwa na mifugo inayopita. Na kuna wale wadogo anaowapata kwa panya anapowinda. Papasi ni kitu kingine, yule anajificha kwenye sakafu ya udongo na kuta za tope, anang'ata usiku dakika chache anarudi zake, ukimkuta huyo ndani habari ya paka iweke pembeni kwanza, maana ana homa yake anayowapa binadamu.

Kukagua kwa mkono

Hapa ndo kazi ilipo na haina gharama yoyote. Kila siku, mara moja, dakika tatu. Mi nafanya asubuhi, kwa sababu Chapati analala nje anarudi na umande mgongoni, na nimemzoesha kwamba hakuna dagaa mpaka akaguliwe. Siku za mwanzo alinikwaruza kweli, sasa hivi anakuja mwenyewe anajilaza kwenye ngazi.

Paka ana ulimi kama msasa, kupe wengi anawatoa mwenyewe wakiwa bado wanatafuta pa kujishika. Kwahiyo we tafuta pale ulimi usipofika: ndani na nyuma ya masikio, juu ya macho, kidevuni, shingo yote mpaka kwenye mabega. Halafu makwapani, kati ya vidole, kwenye mapaja kwa ndani, chini ya mkia. Usiangalie kwa macho tu, pitisha ncha za vidole kinyume na manyoya taratibu, kupe mdogo utamhisi kama punje ya ulezi iliyonasa kwenye ngozi. Ukikuta kitu, panua manyoya utazame vizuri kabla hujavuta. Nasema hivi kwa sababu mtoto wa dada yangu alikaa nusu saa anahangaika na "kupe" wa tumboni kumbe ni chuchu ya paka, na ndio, paka dume nao wana chuchu, ziko mistari miwili tumboni zimepangana. Kupe ana miguu, chuchu haina.

Kumtoa

Tafuta kibano, kile cha kunyolea nyusi kinafaa ila kiwe na ncha nyembamba. Kama una mwenzako akushikie paka, au mviringishe kwenye kanga abaki kichwa tu. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, pale mdomo unapoingia, sio kwenye tumbo, halafu vuta moja kwa moja kwenda juu, taratibu lakini bila kuachia. Usikamue na usinyofoe kwa hasira. Atagoma kidogo kisha ataachia.

Mambo ya kumchoma kwa kijiti cha moto, kumpaka mafuta ya taa, Vaseline, spiriti, mafuta ya kupikia ili "apumue aachie", acha. Kupe anapumua taratibu mno, anaweza kukaa chini ya Vaseline muda mrefu, na akikereka anatapika alichokuwa nacho tumboni ndani ya damu ya paka wako, yani umemlazimisha kufanya kilekile ulichokuwa unakikimbia. Mafuta ya taa juu ya hapo yanamchubua paka ngozi na atayalamba.

Ukimtoa usimpasue kwa kucha kama chawa. Mtumbukize kwenye kichupa chenye spiriti, au mfunge kwenye selotepu, kisha nawa kwa sabuni. Kupe anaweza kukupa homa na wewe, na hapa nisisitize, ukipata homa na kichwa baada ya kushughulika na kupe au kutembea porini, hasa ukiona kidonda chenye kigaga cheusi mahali ulipong'atwa, mwambie daktari habari ya kupe mapema, sio kila homa ni malaria.

Kidonda cha paka kisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi, kijiko cha chai kwenye nusu lita kinatosha. USITUMIE DETTOL. Najua ipo kila nyumba. Kanuni rahisi ya kukumbuka: dawa yoyote ya kuua vijidudu ambayo ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, iweke mbali na paka, ina kemikali za jamii ya fenoli na paka hawezi kuzitoa mwilini, atalamba tu hapo ndo yanaanza mengine. Kama kipande cha mdomo wa kupe kimebaki ndani usichimbe na pini, ngozi itakisukuma yenyewe. Kauvimbe kadogo wiki moja au mbili ni kawaida, kakizidi kukua au kutoa usaha nenda kwa daktari.

Dawa za kweli

Kwa paka mkubwa mwenye afya, zinazotumika sana ni za kudondoshea shingoni. Zenye fipronili, Frontline ya paka ndo jina wengi wanalijua, kichupa chake kina nusu mili tu, zinatumika kuanzia wiki 8, na kwa kupe rudia kila mwezi, usingoje mpaka uwaone tena. Kuna zenye fluralana, Bravecto ya paka, hiyo inakaa miezi miwili hadi mitatu kutegemea na aina ya kupe ila bei imesimama na inataka ujue uzito wa paka. Kumpima sio kazi, simama kwenye mizani umembeba, kisha simama peke yako, toa. Au mtie kwenye kikapu umning'inize kwenye mizani ya duka la mkaa, mi nilichekwa lakini nilipata kilo 4 na robo zangu.

Kola za kupe za paka zipo pia, Seresto inakaa miezi 7 hadi 8. Ndani yake kuna flumethrini, ambayo ni ndugu wa permethrini, na watu wanachanganyikiwa hapo, ila ile imetengenezwa itoke kidogokidogo kwa kiwango ambacho paka anakihimili. Shida yangu na kola ni mbili. Bandia ni nyingi, zile za bei ya soda zinazouzwa barabarani huwezi kujua zimetiwa nini. Na paka anayepanda miti anaweza kunasa, hivyo lazima iwe ile inayokatika au kuachia ikivutwa, na uifunge vidole viwili vipite chini yake.

Kuna jamaa watakuuzia Advantage kwa kupe. Ile ni imidaklopridi peke yake, kwa viroboto ni nzuri sana, kupe haiwagusi.

Namna ya kudondoshea: panua manyoya chini kabisa ya kichwa, pale kisogo kinapokutana na shingo, mpaka uone ngozi nyeupe, mwaga hapo yote kwenye ngozi sio kwenye manyoya. Ukiweka katikati ya mgongo atageuza shingo alambe, atatoa mapovu mdomoni utadhani anakufa kumbe ni uchungu wa dawa. Usimwogeshe siku mbili kabla wala mbili baada, na watoto wasimbebe siku hiyo. Ukiwa na sungura nyumbani fipronili isiwafikie, kwao ni sumu. Na kupe aliyekwisha kujishika hafi papo hapo, mpe hadi siku mbili, ukimkuta amekauka bado amening'inia mtoe tu.

Vya kuviacha kabisa

Dawa ya josho ya ng'ombe, ile ya amitrazi unayochanganya kwenye ndoo. Paka anazubaa, mapigo yanashuka, anakuwa wa baridi. Dawa za unga za kunyunyizia kuku na mbogamboga, hata kama babu alimpaka paka wake na akaishi miaka kumi. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe, hii inanitisha zaidi kwa sababu imezoeleka: ile chupa ina miligramu 10 kwenye kila mili moja na kipimo chake ni mili 1 kwa kilo 50 za ng'ombe, sasa paka wa kilo 3 hesabu yake ni kama mili 0.06, yani tone, nani ana mkono wa kupima hivyo kwenye bomba la kawaida? Na kwa kupe wa paka haifanyi kazi ya maana hata ukipatia.

Vya asili navyo. Kitunguu saumu kwenye chakula kinavunja chembe nyekundu za damu za paka, usimpe, na kupe bado watakuja. Mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya mti wa chai, hapana, jamii ileile ya fenoli na wenzake. Mwarobaini naupenda kwa mambo mengi lakini mafuta yake mazito simpaki paka, anajilamba mwili mzima huyu, chochote unachompaka juu ni chakula.

Uwanja

Kupe anaogopa kukauka. Jua na ardhi kavu vinamuua haraka kuliko unavyodhani, hasa wale wadogo. Kwahiyo fyeka majani yawe mafupi, masika usipitishe siku kumi, vuli hivyohivyo, na majani uliyofyeka usiyarundike ukutani. Chini ya fensi au michongoma acha ukanda wa mchanga au kokoto kama hatua moja kubwa ukizunguka nyumba. Rundo la matofali, kuni, mabati ya zamani, hapo panya wanazaa na panya ndo wanaobeba kupe wadogo, sogeza mbali au inua juu ya mawe. Ziba nyufa za ukuta kwa saruji, hasa pale mbwa anapolala.

Na mbwa! Ukiwa na mbwa na paka uani, kupe wa paka asili yake mara nyingi ni mbwa. Mbwa mtibu kwanza, kwa dawa ya mbwa, ila isiwe yenye permethrini. Kama ndo pekee uliyoipata, watenganishe siku tatu. Matandiko yao yafue kwa maji ya moto na uyaanike juani mchana kutwa. Mbuzi na ng'ombe wakiogeshwa mfungie paka ndani mpaka wakauke, maana huwa anapenda kwenda kujisugua. Mi nilikaa na mzee wa Kimasai anayepitisha ng'ombe, nikamwomba kwa heshima apitishe upande wa korongo badala ya nyuma ya jiko, akakubali, akasema hata yeye paka wa kwake wanapata, na tangu hapo hesabu ilishuka kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua. Kuku wa kienyeji wanakula kupe pia, sio wote ila wanapunguza, sasa ukiwa nao usipulizie uwanja sumu maana unawalisha. Ukilazimika kuita mtu wa kupulizia, funika maji ya kunywa, fungia paka ndani mpaka pakauke kabisa.

Vitoto vya paka chini ya wiki 8 dawa za shingoni ziache kabisa. Hao ni mkono na kitana chenye meno ya karibukaribu, kila siku, na mama yao umshughulikie kwa dawa ambayo daktari amekwambia inafaa kwa anayenyonyesha. Kitoto cha nusu kilo hakina damu ya kugawa. Fungua mdomo utazame fizi, zikiwa nyeupe badala ya pinki, au macho na ngozi vina umanjano, au mkojo mweusi kama chai ya rangi, au paka mkubwa amekataa kula siku nzima amejikunyata, hapo sio suala la kibano tena, ni daktari leo hii. Walioko Morogoro SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo karibu, ndiko wanakofundishwa madaktari wa mifugo wenyewe, kwingine uliza ofisi ya mifugo ya kata.

Wamebaki wale paka wasio na mwenyewe wanaokuja kula makombo nyuma ya jiko, ambao hawashikiki na wanamwaga kupe hapohapo Chapati anapolala. Mi nawawekea dagaa sahani moja mahali palepale, saa ileile, wiki mbili tatu bila kuwagusa. Wakishazoea, nafungua kichupa cha fipronili mapema nakificha kiganjani, nachuchumaa wakiwa wameinamisha vichwa, kidole kimoja kinapanua manyoya kingine kinabonyeza, sekunde mbili. Wanaruka, wananitukana kipaka, wanakaa mita tano wananiangalia, kisha wanarudi kumalizia dagaa. Kuna jike mmoja mweusi mpaka leo hajakubali, huyo naendelea naye.